Nimetafsiri mwenyewe na vitabu nimeviorodhesha: je, huu nao ni wizi wa kitaaluma?

Mtafiti_Mbagala aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya umahiri katika Kiswahili, na tasnifu yangu naiandika kwa Kiswahili. Wiki iliyopita msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili, yaani mapitio ya maandiko, ikiwa imepigwa mistari ya kalamu nyekundu karibu kila ukurasa, na pembeni ameandika neno moja tu: "Wizi." Nilipomwendea ofisini hakunifokea. Alikifungua kitabu cha Kiingereza nilichokuwa nimekitumia, akakiweka kando ya sura yangu, akaniambia nisome aya kwa aya. Nilipomaliza akasema niende nikatafakari, kisha nirudi nimweleze mwenyewe kosa langu ni lipi.

Nimetafakari kwa siku 6 na bado sijaelewa vizuri, na nalisema hili kwa moyo mweupe. Vitabu na makala nilizozitumia karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, nami nilikesha nikizitafsiri, wakati mwingine nikihangaikia istilahi moja kwa saa nzima. Hakuna sentensi ya Kiswahili iliyomo humo ambayo niliiokota mahali ikiwa tayari imeandikwa. Waandishi wote 23 nimewaorodhesha katika marejeleo mwishoni. Isitoshe, nilipoipitisha sura hiyo katika programu ya chuo inayopima mfanano wa maandishi, ilitoa asilimia 4, kiwango ambacho kwetu hakimtii mtu wasiwasi wowote.

Tangu nikiwa shuleni, nilichokijua kuhusu udanganyifu wa namna hii ni kupiga chabo kwenye mtihani, au kuchukua kazi ya mwenzako na kuikabidhi kwa mwalimu ikiwa na jina lako, kile ambacho chuoni tunakiita kudesa. Sioni kama nimefanya lolote kati ya hayo. Naomba mnieleweshe: wizi wa kitaaluma maana yake hasa ni nini? Je, tafsiri nayo huhesabiwa kuwa wizi hata kama mwandishi ametajwa kwenye marejeleo? Na mpaka uko wapi kati ya kujifunza kwa waliotutangulia na kuwaibia?

---

Mhariri_Mkongwe alijibu:

Ndugu yangu, nimehariri majarida na vitabu vya kitaaluma vya Kiswahili kwa miaka mingi, na kosa unalolieleza ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote katika miswada ya wenzetu wanaosoma kwa Kiingereza na kuandika kwa Kiswahili. Wengi wao, kama wewe, hawakukusudia kumdhulumu mtu. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Wizi wa kitaaluma ni kumfanya msomaji aamini kwamba maneno, wazo, mpangilio wa hoja au matokeo ya utafiti ni yako, ilhali umeyapata kwa mtu mwingine. Utaona kwamba katika maelezo hayo sikutaja lugha, wala sikutaja kunakili neno kwa neno. Jambo linaloangaliwa ni ile imani unayoijenga kwa msomaji. Anaposoma aya isiyo na alama za kunukuu wala jina la mtu, huelewa kwamba wewe ndiye unayesema, kwamba wewe ndiye uliyeupima ushahidi na kufikia uamuzi huo. Ikiwa aliyepima na kuamua ni mwingine, msomaji amedanganywa, hata kama Kiswahili kilichotumika ni chako kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Jasho lako la kutafsiri ni jasho la kweli, nami nafahamu uzito wake. Lakini ni jasho la mfasiri. Anayefasiri riwaya huandika jina lake ndani ya kitabu akijitambulisha kuwa mfasiri, na jina la mtunzi hubaki juu ya jalada. Kwenye sura yako wewe umejitambulisha kuwa mtunzi.

Hili la tafsiri si ukali wa msimamizi wako peke yake. Pál Schmitt, aliyekuwa Rais wa Hungaria, alipata shahada ya uzamivu mwaka 1992 kwa tasnifu iliyohusu Michezo ya Olimpiki. Miaka 20 baadaye gazeti moja la nchini kwake lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tasnifu hiyo, iliyoandikwa kwa Kihungaria, ilikuwa tafsiri ya kazi ya mtaalamu wa Bulgaria, Nikolay Georgiev, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mwezi Machi 2012 Chuo Kikuu cha Semmelweis kilimvua shahada yake, na tarehe 2 Aprili alijiuzulu urais. Hakuna aliyesema kwamba Kihungaria kile hakikuwa chake.

Kuhusu orodha ya mwishoni, hapo ndipo naona umejichanganya zaidi. Orodha humwambia msomaji ni vitabu gani ulivisoma. Haimwambii aya ya tatu ya ukurasa wa 18 imetoka wapi. Fikiria mtu ameazima vyombo kwa majirani 23 kwa ajili ya shughuli ya harusi, akabandika mlangoni karatasi yenye majina yao wote, lakini hakuweka alama ya rangi kwenye sufuria hata moja. Siku ya kurudisha, nani atajua sinia lipi ni la nani, na lipi ni la mwenye shughuli? Chanzo hutajwa pale pale kilipotumika: jina, mwaka na ukurasa.

Nayo ile asilimia 4 isikupe faraja. Programu hizo hulinganisha maandishi yako na maandishi zilizoyahifadhi, kisha huonyesha mahali yanapofanana. Aya ya Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili hazina maneno ya kufanana, kwa hiyo mara nyingi programu hupita bila kuona kitu. Kinyume chake, mwanafunzi anayehakiki mashairi na kunukuu beti nyingi kwa alama zote zinazostahili anaweza kupata asilimia 30 bila kuwa na hatia yoyote. Programu hupima mfanano. Kuamua kama mfanano huo ni wizi, au kama wizi umefanyika pasipo mfanano, ni kazi ya mtu anayeijua mada, kama msimamizi wako alivyofanya.

Nitoe mfano. Tuseme kitabu cha Kiingereza kinasema jambo ambalo wewe umelitafsiri hivi: "Katika miji ya pwani ushairi ulikuwa chombo cha mabishano ya kisiasa, kwa kuwa beti zilikaa kichwani kwa urahisi na zilisambaa haraka kuliko barua." Ukiiacha hivyo bila jina, ni wizi. Ukiweka jina la mwandishi na mwaka mwishoni mwa aya, huku sentensi zako tano zikifuata zake tano moja baada ya nyingine, bado una kosa, kwa kuwa msomaji atadhani umefupisha na kupima, kumbe umefuata nyayo tu. Unazo njia mbili za haki. Ya kwanza ni kuyaweka maneno hayo ndani ya alama za kunukuu, ukataja mwandishi, mwaka na ukurasa, na ukaongeza maneno "tafsiri yangu". Ya pili ni kukifunga kitabu, ukae nacho kichwani, kisha uandike kitu kama hiki: "Fulani (mwaka, ukurasa) anaona kwamba ubeti uliishinda barua kwa kasi na kwa kukumbukika. Hoja hii inaieleza vizuri Mombasa ya wakati wa mshairi Muyaka, lakini haituelezi kwa nini washairi hao hao waliandika pia beti zao kwenye karatasi." Sasa sauti mbili zinasikika, na msomaji anajua ipi ni ya nani. Mapitio ya maandiko ni mazungumzo baina yako na waliotangulia. Ukiwasemea tu, wewe mwenyewe haupo.

---

BintiLamu alijibu:

Namshukuru Mzee Mhariri kwa maelezo yake. Naomba niongeze machache juu ya jina lenyewe, kwa sababu naona jina nalo limekupotosha, ndugu muulizaji.

Sisi tunasema wizi wa kitaaluma, wengine wizi wa maandishi, wengine wizi wa mawazo. Yote matatu yana neno wizi, na mtu akisikia wizi hufikiria kitu kilichotoweka kwa mwenyewe. Ndiyo maana wengi hujitetea kwa kusema, "Kitabu chake bado anacho, nimemwibia nini?" Lakini neno la Kilatini ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelipokea kwa maana hii, *plagiarius*, halikumhusu mwizi wa mali. Kwa Warumi lilimtaja mtu anayeteka watu: anayemchukua mtoto wa mtu au mtumwa wa mwingine na kumfanya wake. Mshairi Martial, aliyeishi Roma katika karne ya kwanza, alikasirishwa na wanaosoma mashairi yake mbele ya watu wakidai ni yao, akamtaja mmoja wao kwa jina la Fidentinus. Katika shairi moja alizifananisha beti zake na watumwa aliowaacha huru kwa mkono wake mwenyewe, na yule aliyezidai akamwita kwa neno hilo la mteka watu. Mimi naona picha hiyo inafaa kuliko ya wizi. Aya ya mtu ni mwanawe. Ukimvika kanzu nyingine na kumwita jina lingine, hajawa mtoto wako.

Wapo wanaodai kwamba kutaja chanzo ni desturi ya kigeni tuliyoletewa na vyuo vikuu. Sikubaliani nao kabisa. Angalieni takhmisa. Mshairi huchukua beti za mtangulizi wake zenye mishororo miwili miwili, akaongeza mitatu yake katika kila ubeti, ikawa mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa shairi linalohusishwa na Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani, na mpaka leo utungo huo unaitwa Takhmisa ya Liyongo. Hakulificha jina la aliyemtangulia. Alilibeba mbele, na anayeijua bahari ile ya ushairi huona mshono ulipo, ipi ni mishororo ya kale na ipi ni ya Sayyid. Alichukua shairi zima la mtu na hakuna anayemwita mwizi, kwa sababu mshono uko wazi. Watunzi wengi wa tenzi nao walizoea kujitaja katika beti za mwisho, ili msomaji amjue mwenye kazi. Na waliosoma chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu wanajua kwamba hadithi ya Mtume haisimami kwa maneno yake peke yake: huulizwa sanadi, fulani kapokea kwa fulani, hadi mwisho wa mnyororo. Babu zetu walikuwa wakali katika jambo hili.

Ugumu uliopo kwetu ni fasihi simulizi. Methali haina mtunzi ajulikanaye, wala hutarajiwi kumtafuta. Lakini ngano uliyoirekodi kwa bibi mmoja kijijini, kwa namna yake ya kuisimulia, ina fanani, yaani msimulizi wake. Nimesoma tasnifu ambamo masimulizi ya wazee yamejaza kurasa nzima bila kusemwa yamesimuliwa na nani, wapi, lini, kana kwamba yaliota yenyewe. Mtafiti huyo huyo asingethubutu kumfanyia hivyo profesa. Hili linaniuma kuliko mambo mengine yote tunayoyajadili hapa. Mtaje fanani kwa ridhaa yake, na kama hataki jina lake lijulikane, sema hivyo, lakini mwache msomaji ajue kwamba kulikuwa na mtu.

---

Kalamu_Nairobi alijibu:

Nimesoma na nimeona nitoe ushuhuda wangu, kwa kuwa unahusiana na ile asilimia 4.

Nilipomaliza chuo sikupata ajira, na kama vijana wengi wa hapa Nairobi niliingia katika kazi ya kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Nilifanya kazi hiyo kwa miaka 3. Kazi ilikuja kupitia akaunti ya mtandaoni, nikapewa mada, idadi ya maneno na saa ya mwisho ya kuikabidhi. Niliandika juu ya uuguzi, sheria na historia za miji ambayo sijawahi kuitia mguu. Kila sentensi niliiandika upya na kila chanzo nilikitaja ipasavyo, kwa sababu mteja alidai ripoti ya mfanano isiyo na doa, naye aliipata. Kwa kipimo cha programu, insha zile zilikuwa safi kabisa. Hata hivyo, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho hakukuwa na neno la yule aliyeandikwa jina juu yake. Kwa hiyo, muulizaji, ukitaka kujua maana ya wizi huu, usianze kwa kuuliza ni maneno mangapi yanafanana. Uliza kama jina lililo juu ya karatasi linasema kweli kuhusu nani alifikiri.

Mwaka 2022 Uingereza ilitunga sheria inayofanya kuwa jinai kuwauzia wanafunzi wa huko huduma ya namna hiyo au kuitangaza. Mimi nilikuwa nimekwisha acha kabla ya hapo. Kilichonitoa ni insha ya uuguzi kuhusu vipimo vya dawa kwa watoto. Nilipoikabidhi nilikaa nikawaza kwamba kuna mtu atapasishwa kwa kitu nilichokijua mimi na asichokijua yeye, kisha atasimama mbele ya kitanda cha mtoto akiwa na sindano mkononi. Shuleni tulimcheka aliyekamatwa na mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, mfukoni, tukaona ni utundu wa ujana tu. Siku hiyo sikuweza kucheka.

Siku hizi wengine huziachia programu za akili bandia ziwaandikie. Swali ni lile lile, na hatari imeongezeka, kwa kuwa programu hizo huweza kukutajia kitabu na ukurasa ambavyo havipo duniani.

---

Mtafiti_Mbagala aliandika tena:

Nawashukuru sana, Mzee Mhariri, dada yetu wa Lamu, na ndugu wa Nairobi. Nimeichukua sura yangu jana usiku nikaisoma sambamba na vitabu, na nimeona kile alichotaka nikione msimamizi wangu.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, kila sentensi sasa itahitaji jina na mwaka, hata ninaposema jambo ambalo kila mtu analijua? Na je, kwa waandishi waliofariki zamani, ambao hakimiliki ya kazi zao imekwisha, wajibu huo bado upo?

---

Mhariri_Mkongwe alijibu:

La kwanza ni jepesi. Jambo linalojulikana na wote halihitaji chanzo. Ukiandika kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, hakuna atakayekuuliza umelitoa wapi. Ukiandika kwamba uhuru huo uliharakisha kukubalika kwa Kiswahili miongoni mwa watu wa tabaka fulani, hiyo ni hoja, na hoja ina mwenyewe: kama si wewe, mtaje. Ukiwa na shaka, taja.

La pili linahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Hakimiliki ni suala la sheria na fedha, na ina mwisho wake: kwa sheria ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, kazi ya maandishi hulindwa kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wizi wa kitaaluma ni suala la ukweli, nao hauna tarehe ya mwisho. Muyaka bin Haji alifariki yapata mwaka 1840. Unaweza kuchapisha beti zake bila kumlipa mtu, lakini ukiweka jina lako juu yake umeiba. Kwa upande mwingine, anayechapisha bila ruhusa riwaya nzima ya mwandishi aliye hai, jina la mwandishi likiwa kubwa juu ya jalada, amevunja hakimiliki bila kudai utunzi usio wake.

Mara nyingine makosa yote mawili humwangukia mtu mmoja. Solomon Linda wa Afrika Kusini aliurekodi wimbo wake wa "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Wimbo huo ukazunguka dunia nzima kupitia "Wimoweh" na kisha "The Lion Sleeps Tonight", huku majina ya watu wengine yakiandikwa mahali pa mtunzi. Alifariki maskini mwaka 1962. Binti zake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, na pamoja na fedha hizo walipata jambo ambalo kwa mtu wa kalamu lina uzito wake pekee: jina la baba yao kutambuliwa kuwa mmoja wa watunzi wa wimbo huo.

Utakapomwendea msimamizi wako, usimpelekee sura nzima kwanza. Chukua aya moja aliyoipiga mstari, iandike upya kwa njia ya pili niliyokueleza, uende nayo pamoja na kitabu chenyewe kikiwa wazi kwenye ukurasa husika. Mweleze kosa lilikuwa wapi. Halafu mwombe muda wa kuzirekebisha zilizobaki, kwa sababu si kazi ya siku mbili.

---

Mtafiti_Mbagala aliandika tena:

Nimezihesabu. Sura ina aya 41, na kati ya hizo 26 ni tafsiri ninazoweza kuzilinganisha na chanzo sentensi kwa sentensi. Nne nitazinukuu kama zilivyo na kuandika "tafsiri yangu". Zilizobaki 22 nimeanza kuziandika upya, na leo nimemaliza mbili. Katika ile ya pili, nilipokifunga kitabu, niligundua kwamba sikubaliani na mwandishi wake kuhusu chimbuko la mtindo mmoja wa mizani ya ushairi, na sikuwahi kulijua hilo muda wote nilipokuwa nikimtafsiri. Nimeliandika, nikamtaja kwa jina na ukurasa. Jumatatu nitaipeleka aya hiyo.